Majina ya Kubuni katika Nchi Zisemazo Kihispania

Miongoni mwa watu wasemao Kihispania, hasa katika visiwa vya Karibi na nchi za Marekani ya Kusini, iko desturi ambayo kwa muda mrefu imewasumbua walimu wa sarufi, makarani wa vizazi na waandishi wa magazeti. Wazazi wengi huwapa watoto wao majina ambayo hayamo katika kalenda ya watakatifu, hayamo katika Biblia, wala hayakurithiwa kwa babu au bibi. Ni majina yaliyotungwa. Mtoto huitwa Yusimí, Yeison, Yulieski au Odlanier, na mgeni akiuliza maana ya jina huenda akajibiwa kwamba limependeza tu. Hukumu itolewayo juu ya majina haya aghalabu ni moja: kwamba ni matunda ya ujinga, kwamba yanaiharibu lugha, na kwamba serikali haina budi kuyazuia.

Nia ya makala haya ni kuipima hukumu hiyo. Itaonekana kwamba majina ya kubuni hayakutoka nje ya utaratibu wa Kihispania, bali yametoka ndani yake. Kwamba watungaji wake hufuata kanuni za matamshi ya lugha yao kwa uaminifu kuliko wanavyodhaniwa. Na kwamba sheria zilizokusudia kuyazuia zilishindwa kueleza tofauti kati ya jina la kubuni na jina la asili. Hasara ya majina haya ipo, nayo itatajwa mahali pake. Lakini si ile inayolalamikiwa.

Yafaa kwanza kuutazama utaratibu wa kale. Baada ya Mtaguso wa Trento, Kanisa Katoliki liliagiza katika Katekisimu ya Kirumi ya 1566 kwamba mtoto abatizwapo apewe jina la mtakatifu, ili awe na mfano wa kuufuata na mwombezi wa kumtegemea. Kitabu cha ibada cha 1614 kiliongeza kwamba padre ajihadhari na majina machafu, ya hadithi za uongo, ya kuchekesha, au ya miungu ya kipagani. Kwa karne nyingi, basi, Mhispania alizaliwa akikuta jina lake limekwisha kuandikwa kwenye kalenda. Katika nyumba nyingi siku ya mtakatifu wake ilisherehekewa kama siku ya kuzaliwa, au hata kuipita. Wanawake walipewa majina ya Bikira Maria kwa sifa zake na sikukuu zake: Dolores, yaani maumivu, Soledad, yaani upweke, Mercedes, yaani rehema, Pilar, yaani nguzo.

Utaratibu huo ulikuwa na faida kubwa moja, nayo ni kwamba hakuna aliyekuwa na jina peke yake. Mtu akikutana na mwenziwe wa jina lile lile humwita *tocayo*, neno ambalo Mswahili angelifasiri mara moja kwa neno *somo*. Jina lilimfungamanisha mtoto na mtakatifu mbinguni, na siku katika mwaka, na watu asiowajua mitaani. Yeyote atakaye kuwatetea watungaji wa majina mapya asiisahau faida hii, kwa maana ndiyo hasa wanayoiacha.

Hata hivyo, kubuni kulikuwamo ndani ya utaratibu huo tangu zamani. Mwanamke aliyebatizwa María Isabel aliitwa Maribel. María Luisa akawa Marisa. María Teresa akawa Maite. Na Juan José akawa Juanjo. Haya yalianza kama majina ya nyumbani, ya kuitana mezani na uani, kisha mengine yakaingia katika madaftari ya serikali. Hakuna leo asemaye kwamba Maribel ni jina la kishenzi. Lakini njia iliyoleta Maribel, yaani kuchukua kichwa cha jina moja na mkia wa jina jingine na kuviunga, ndiyo njia ile ile itumiwayo na mzazi wa Havana au Maracaibo anapouunga mwanzo wa jina la baba na mwisho wa jina la mama. Tofauti ni kwamba wa kwanza alifanya hivyo kwa majina mawili ya kalenda, na wa pili anafanya kwa majina yoyote aliyo nayo.

Mfano ulio wazi zaidi unapatikana katika nchi ya Wabaski, kaskazini mwa Hispania. Sabino Arana, mwanzilishi wa chama cha uzalendo wa Kibaski, aliyefariki 1903, alitunga pamoja na Koldo Elizalde orodha ya majina ya watakatifu kwa Kibaski, nayo ikachapishwa mwaka 1910. Mengi ya majina hayo hayakuwa yamepata kutumiwa na mtu yeyote. Kwa jina la Dolores walifanya Nekane; kwa Nieves, yaani theluji, wakafanya Edurne; kwa Pedro wakafanya Kepa; na kutokana na sikukuu ya Maria kumtembelea Elisabeti wakafanya Ikerne kwa mwanamke na Iker kwa mwanamume. Ilikuwa kazi ya mezani, yenye kanuni zake, wala si urithi wa mababu. Kisha serikali ya Jenerali Franco, kwa amri ya 1938 na baadaye kwa sheria ya 1957, iliyafungia majina yasiyokuwa ya Kikastilia, na mlango haukufunguliwa tena mpaka sheria ya Januari 1977. Leo Iker ni jina la kawaida hata nje ya nchi ya Wabaski, na walio wengi hulidhania kuwa la kale. Muda usiotimia miaka 100 ulitosha kuligeuza jina la kubuni kuwa jina la asili. Na huenda marufuku yenyewe ndiyo iliyolipa heshima hiyo.

Ng'ambo ya Atlantiki jambo hili lina historia nyingine, iliyo chungu zaidi. Huko jina la kalenda halikuwa urithi kwa kila mtu. Mwanamke Mnahua aliyekuwa mkalimani wa Hernán Cortés alibatizwa Marina mwaka 1519, na baada yake mamilioni ya wenyeji wakapata majina ya Kihispania kwa maji ya ubatizo. Waafrika walioletwa Kuba kwa nguvu walipewa majina ya watakatifu, na mahali pa jina la ukoo wengi wakaandikiwa jina la taifa walilodhaniwa kutoka, kama Congo, Lucumí au Carabalí. Haiwezi kusemwa kwamba kila mzazi wa leo anaikumbuka historia hiyo atungapo jina. Lakini asemaye kwamba wazazi hao wameyaacha majina ya mababu zao anapaswa kujiuliza ni mababu wapi, na nani aliyewachagulia majina.

Katika Kuba mabadiliko makubwa yalikuja baada ya mapinduzi ya 1959. Nguvu ya Kanisa ilipungua, ubatizo ukaacha kuwa mlango wa lazima, na karani hakuwa tena na kalenda ya watakatifu ukutani. Wakati huo huo mambo ya Urusi yaliingia kwa wingi. Yuri Gagarin alizunguka dunia angani mwezi wa Aprili 1961, na mwezi wa Julai mwaka huo huo akafika Havana. Maelfu ya vijana wa Kuba wakapelekwa kusoma katika Umoja wa Kisovyeti. Waliozaliwa katika miaka ya 1970 na 1980 wakapata majina yaanzayo kwa herufi Y kwa wingi wa ajabu, hata mwandishi Yoani Sánchez, aliyezaliwa 1975, akayapa maandishi yake aliyoyaanza 2007 jina la *Generación Y*, yaani Kizazi cha Y. Jamaa moja mashuhuri ya wachezaji wa besiboli yaonyesha mageuzi hayo waziwazi. Baba anaitwa Lourdes Gourriel, jina la mahali patakatifu pa Bikira Maria. Wanawe wawili wakaitwa Yunieski na Yulieski. Na wa tatu akarudishiwa jina la baba, Lourdes. Ya kale na ya kubuni yamekaa katika nyumba moja bila ugomvi.

Herufi Y yenyewe yataka maelezo, kwa maana wengi huichukulia kuwa kichekesho tu. Katika maandishi ya Kihispania herufi J husomwa kwa sauti ya kooni, iliyo karibu na *h* au *kh*. Basi mzazi aliyesikia jina la Kiingereza Jason au Jennifer, akataka kuihifadhi sauti aliyoisikia, hana herufi ya karibu zaidi kuliko Y. Ndipo akaandika Yeison na Yénifer. Na mzazi aliyesikia majina ya Kirusi Yuri na Yelena akaifikia herufi ile ile kwa njia nyingine. Lugha mbili zilizokuwa zikishindana ulimwenguni zilikutana katika herufi moja ya Kihispania. Hapana upuuzi hapo. Ni sauti ngeni iliyotafutiwa makao, kama ilivyo katika kila lugha ikopayo maneno.

Mtu akiyachungua majina haya kwa utulivu ataona njia tatu kubwa za kuyatunga. Ya kwanza ni kuunga, ambayo imekwisha kutajwa. Viungo vyake si vya ovyo. Majina ya wanaume hupenda kwisha kwa -el, kama Yasiel na Yotuel, kwa kufuata Daniel, Rafael na Manuel; mengine huchukua -eski, kiishio chenye sauti ya Kirusi. Yotuel, jina linalojulikana kwa mwimbaji Yotuel Romero, laweza kusomwa kama viwakilishi vitatu vya Kihispania vilivyofuatana: *yo*, *tú*, *él*, yaani mimi, wewe, yeye. Sarufi yenyewe imegeuzwa kuwa jina la mtu.

Njia ya pili ni kugeuza, yaani kulisoma jina kutoka mwisho hata mwanzo. Odlanier Solís, bondia wa Kuba aliyepata medali ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki ya Athens mwaka 2004, ana jina ambalo ni Reinaldo lililogeuzwa. Jina la mwandishi Legna Rodríguez Iglesias ni Ángel lililogeuzwa. Ninel, ambalo ni Lenin kinyume, lilitungwa Urusi baada ya mapinduzi ya 1917, na leo lajulikana sana Meksiko kwa mwigizaji Ninel Conde. Kwa njia hii mzazi huweza kumrithisha mtoto jina la mtu bila kulirudia. Urithi upo, ila umefichwa mahali ambapo mwenye kujua tu ndiye auonaye.

Njia ya tatu ni kulipa jina geni matamshi ya nyumbani. Hapa pana mikondo miwili. Wengine hushika maandishi na kuacha sauti: mchezaji mpira wa Kolombia James Rodríguez huandikwa kama Mwingereza, lakini kwao huitwa *Hames*. Wengine hushika sauti na kuacha maandishi: Michael akawa Maicol, na Steven akawa Estiven. Jina hili la mwisho ni ushahidi mzuri. Kihispania hakikubali neno lianze kwa *s* ikifuatwa na konsonanti nyingine. Ndiyo sababu Kilatini *schola* kikawa *escuela*. Mzazi aliyeandika Estiven hakufundishwa kanuni hiyo na mtu, lakini ameifuata kama ilivyofuatwa na waliomtangulia kwa zaidi ya miaka 1,000. Asemaye kwamba Estiven inaiharibu lugha amelitazama jina kwa macho wala hakulisikiliza kwa masikio.

Mvuto wa majina haya, basi, unatoka wapi? Sababu ya kwanza ni ya matumizi. Mtu wa nchi hizi huwa na majina mawili ya ukoo, la baba na la mama, lakini majina hayo ni machache na yamejaa kila mahali: García, Rodríguez, González, Hernández. Atakayeitwa José Rodríguez González atakutana na wenziwe wengi katika kila ofisi. Yulieski hatachanganywa na mtu kwa urahisi. Sababu ya pili ni ya undugu. Katika utaratibu wa kale jina la ukoo la mama lilikaa nyuma ya lile la baba, na kwa wajukuu likatoweka. Jina lililoungwa kwa baba na mama huwaweka wote wawili mbele, mahali panapoitwa kila siku. Sababu ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote. Maskini ana vitu vichache vya kumpa mtoto ambavyo hajapewa mtu mwingine. Ardhi hana, na nyumba ni ya kupanga. Jina ni kitu anachoweza kukifanya mwenyewe bila gharama, kikawa kipya kabisa.

Sheria ziliingia katika jambo hili zikiwa na maneno yaliyofanana sana na yale ya kitabu cha ibada cha 1614. Sheria ya Argentina ya 1969 ilikataza majina ya ajabu, ya kuchekesha, na ya kigeni yasiyofanywa ya Kihispania. Ilidumu mpaka sheria mpya ya madai ilipoanza kutumika 2015. Nchini Venezuela, mwaka 2007, Baraza la Taifa la Uchaguzi lilitoa mswada uliotaka kuzuia majina yanayomtia mtu katika dhihaka, yaliyo magumu kutamkwa, au yanayotia shaka kama mwenyewe ni mwanamume au mwanamke. Wazazi wangepewa orodha ya majina yasiyopungua 100 wachague humo. Watu walipiga kelele, na pendekezo likaondolewa.

Ukipimwa kwa elimu ya lugha, mswada huo haukusimama. Kuhusu ugumu wa kutamka, Yeison na Maicol ni mepesi kinywani mwa Mvenezuela, kwani yametungwa kwa sauti za kinywa hicho hicho. Kuhusu shaka ya mume na mke, kalenda yenyewe ndiyo iliyoanza: José María ni mwanamume na María José ni mwanamke, Guadalupe, Trinidad na Cruz hutumiwa na wote wawili. Rais wa kwanza wa Meksiko, aliyetawala tangu 1824 hata 1829, aliitwa Guadalupe Victoria. Wala hakuzaliwa na jina hilo. Alijitungia mwenyewe katika vita vya uhuru, akiunga jina la Bikira na neno la ushindi. Kwa kipimo cha mswada wa 2007, jina la rais huyo lingekuwa na kesi ya kujibu.

Orodha ya jimbo la Sonora, kaskazini mwa Meksiko, yafundisha zaidi. Mwaka 2014 jimbo hilo lilipiga marufuku majina 61, ambayo maofisa walisema yameonekana katika madaftari yao. Magazeti ya dunia yalicheka kwa kuona humo Facebook, Rambo, Robocop na Terminator. Lakini mwenye kuisoma orodha yote atakuta pia Circuncisión na Telesforo. La kwanza ni sikukuu ya Kanisa iliyoadhimishwa kila Januari 1. La pili ni jina la papa mtakatifu wa karne ya 2. Haya hayakubuniwa na mzazi mjinga. Yalitoka katika kalenda ile ile ambayo zamani ilikuwa sheria, na wazazi waliyachukua kwa utii. Pamoja nayo limo Masiosare, jina lililozaliwa na maneno matatu ya wimbo wa taifa yaliyosikika kama neno moja. Kwa hiyo orodha moja imewafunga pamoja shujaa wa sinema, mtakatifu, na wimbo wa taifa. Lililoviunganisha vitu hivi vitatu haliwezi kuwa kanuni ya lugha. Ni kicheko tu. Na kicheko cha nani, ni rahisi kukisia, kwa maana wanaoandika orodha hawakai mtaa mmoja na wanaoorodheshwa. Katika Chile na Kolombia jina Brayan limekuwa dhihaka ya kumwitia kijana wa mtaa wa maskini, ijapokuwa asili yake, Brian, ni jina la heshima kwa Waayalandi.

Ni dhahiri pia kwamba kubuni jina hakujawa kosa popote pale mbunifu alipokuwa mtu wa heshima. Cervantes, katika sehemu ya kwanza ya *Don Quijote* iliyotoka 1605, anamwonyesha shujaa wake akitumia siku 4 kumtafutia farasi jina na siku 8 kujitafutia lake mwenyewe, kisha akimgeuza binti wa mkulima, Aldonza, kuwa Dulcinea. Lucila Godoy Alcayaga wa Chile alijiita Gabriela Mistral, na Neftalí Ricardo Reyes Basoalto akajiita Pablo Neruda. Wote wawili walipata tuzo ya Nobel ya fasihi, 1945 na 1971, na majina yao ya kubuni yamepewa shule na barabara. Kazi ya mama wa Yusimí ni ya aina hiyo hiyo. Aweza kuwa ameifanya vizuri au vibaya, na mhakiki ana haki ya kusema hivyo. Lakini apimwe kwa kipimo kimoja na wengine.

Kwa kipimo hicho, yako majina yanayoshindwa. Jina la kampuni ya biashara lililobandikwa juu ya mtoto halikutungwa. Limechukuliwa kama lilivyo, na hilo ni kasoro ya ubunifu mdogo kuliko ya ubunifu mwingi. Yako pia yanayomlemea mwenyewe shuleni na mbele ya mwajiri. Na hata lililo zuri kabisa lina upungufu uliotajwa mwanzoni: halina somo. Mtoto aitwaye Odlanier hana siku katika mwaka, na huenda asikutane kamwe na mtu wa kumwita *tocayo*. Amepewa upweke pamoja na upekee.

Lakini dawa ya hayo haimo katika orodha ya karani. Chile, kwa sheria yake nambari 17.344 ya mwaka 1970, ilimruhusu mtu kulibadili jina lake mara moja ikiwa linamfedhehesha, au ikiwa amejulikana kwa jina jingine kwa zaidi ya miaka 5. Hispania nayo, kwa sheria ya 2011, ilianza na uhuru wa kuchagua, kisha ikaweka mipaka michache tu, kama heshima ya mtu. Njia hizi mbili zinamwachia mzazi haki ya kutunga na kumwachia mtoto haki ya kukataa, na hakuna mtu wa tatu kati yao. Ama upungufu wa somo, huo hutibiwa na wakati. Iker wa kwanza hakuwa na somo. Leo anao wengi hata hawahesabiki. Na wachezaji wa Kuba walipopata sifa duniani, bila shaka wako wazazi waliotafuta jina la mtoto wakakumbuka Yulieski.